Fransisko wa Assisi, mtu aliyesikiliza: nilivyokutana naye Oloipiri



Mwezi huu nilipangiwa kuandika maisha ya mtakatifu, na nilikuwa nimeshachagua mwingine kabisa. Halafu nikaenda Oloipiri, nikarudi na Fransisko wa Assisi. Najua mnachowaza. Fransisko tunamjua wote, yule wa kwenye kalenda ya parokia, kanzu ya kahawia na njiwa begani. Tumemzoea mpaka hatumwoni tena. Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nilikutana naye upya nikiwa nimelala juu ya ngozi ya ng'ombe, gizani, simu imeisha chaji.

Nianze na hiyo simu. Tangu tumzike mama nilikuwa silali bila vispika masikioni. Niliweka chochote: mahubiri, mpira, hata redio ya lugha nisiyoijua. Sikutaka kusikiliza kitu, nilitaka tu nisibaki na kimya. Rozari nilikuwa naishika mkononi, basi. Kwenye jumuiya midomo inacheza, ndani hakuna kitu. Wenzangu wa VIWAWA sikuwaambia. Wewe ndiye katibu, wewe ndiye unayetuma tafakari kwenye grupu kila asubuhi, utaanzia wapi kusema husali?

Rafiki yangu wa chuo ni Mmasai wa Oloipiri, huko Loliondo, wilaya ya Ngorongoro. Akanialika kwao wiki moja. Tulitoka Karatu tukateremka Mto wa Mbu, tukashika njia ya Engaruka na Ziwa Natron, tukapanda milima hadi Sale, tukafurahia lami kidogo mpaka Waso, halafu vumbi tena. Nilifika nimechoka kiasi kwamba chakula kilinishinda. Nilimwinamia bibi yao, koko kama wanavyomwita, akanigusa kichwani, nikaenda kulala nikiwa na hofu ya usiku, maana taa ya mwisho ya simu ilikuwa imezimika njiani.

Kumbe kimya nilichokiogopa hakikuwepo. Ukuta wa nyumba ni wa udongo na samadi, na upande wa pili wake wamelala ng'ombe. Mchana huwezi kuwajali. Usiku ni habari nyingine. Wanacheua. Taya zinasaga taratibu, zinasimama kidogo, tonge jingine linapanda kooni, zinaanza tena. Mmoja anashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo. Kengele ya shingoni inagonga mara moja, inanyamaza. Ndama analia, mama yake anamjibu kwa kuguna, mdomo umefungwa. Mbali kabisa fisi alipandisha sauti yake nikashtuka, lakini ng'ombe waliendelea kutafuna, nami nikatulia pamoja nao.

Asubuhi koko alinieleza, mjukuu wake akitafsiri, kwamba hapo bomani mtu haamshwi na sauti ya ng'ombe, anaamshwa inapokatika. Ng'ombe wote wakiacha kucheua kwa pamoja, wanaume wanashika mikuki, kuna kitu nje. Na ule mwaka wa ukame, boma lilipobaki na ng'ombe wa kuhesabu kwa vidole, yeye hakulala vizuri kwa miezi mingi. Kilichomnyima usingizi ni kimya. Nilimtazama yule bibi nikaona tunafanana kuliko nilivyodhani.

Ni usiku huo huo ndipo Fransisko aliponijia, kwa sababu ya jambo alilolifanya Greccio. Nitafika huko. Kwanza tumjue alikotoka, maana hakuzaliwa mtu wa utulivu.

Alizaliwa Assisi, Italia, mwaka 1181 au 1182. Baba yake, Pietro di Bernardone, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa mwenye hela. Fransisko kijana alikuwa mtu wa kelele, hakuna namna nyingine ya kusema. Usiku alizunguka mitaani na wenzake wakiimba, bili za karamu analipa yeye. Angekuwa wa siku hizi, mngemkuta ndiye mwenye spika kubwa mtaani. Alipenda nyimbo za Kifaransa, na hilo halikumtoka mpaka kufa. Hata baada ya kuwa fukara aliokota vijiti viwili, akakiweka kimoja begani kama fidla, akapitisha kingine juu yake, akaimba kwa Kifaransa hadi machozi yamtoke.

Mwaka 1202 alikwenda vitani, Assisi dhidi ya Perugia. Walishindwa. Alikaa gerezani karibu mwaka mzima, akatoka mgonjwa. Akajaribu tena kwenda vitani, akaishia Spoleto, akarudi. Kuanzia hapo marafiki waliona amebadilika: katikati ya kelele anabaki nyuma, anakaa mapangoni nje ya mji. Alimbusu mkoma. Alisali mbele ya msalaba katika kanisa bovu la San Damiano na akasikia akiitwa alitengeneze kanisa. Mwaka 1206, mbele ya askofu na umati, alimvulia baba yake nguo zote alizokuwa amevaa akamrudishia. Haya mmeshayasikia kwenye mafungo mengi, sitayarefusha. Wafuasi wakaja, Papa Innocent III akawaruhusu waishi maisha yao mwaka 1209, na Klara akajiunga mwaka 1212.

Ninachotaka mkione ni masikio yake.

Tomaso wa Celano, ndugu wa shirika lake aliyeandika maisha yake miaka miwili mitatu tu baada ya kifo chake, anasimulia kwamba karibu na Bevagna Fransisko aliona kundi kubwa la ndege, njiwa na kunguru, akaacha wenzake njiani akawakimbilia. Aliwasalimu kama watu. Hawakuruka. Akawahubiria wamsifu Muumba wao aliyewapa manyoya na hewa safi, nao wakanyoosha shingo, wakafungua mabawa. Hiyo ndiyo picha ya kalenda. Lakini Tomaso anaongeza jambo ambalo wachoraji hawalichori: baadaye Fransisko alijilaumu kwamba hakuwa amefanya hivyo mapema. Miaka yote hiyo anapita chini ya miti na hakuwahi kusimama.

Pale Alviano ilikuwa kinyume. Alitaka kuwahubiria watu, na mbayuwayu waliokuwa wakijenga viota walipiga kelele hata hasikiki. Hakuwarushia jiwe. Aliwaambia kwa adabu, akiwaita dada zake, kwamba wao wamekwisha sema vya kutosha na sasa ni zamu yake. Wakanyamaza mpaka mahubiri yakaisha. Na katika vinamasi vya Venice, Mtakatifu Bonaventura anasema, alikuta ndege wengi wakiimba vichakani, akataka yeye na mwenzake wasimame katikati yao wasali sala ya vipindi. Ndege wakazidi sauti, ndugu hawa wawili hawasikilizani zaburi. Akawaomba wasubiri. Walipomaliza, akawapa ruhusa, wakaendelea pale pale walipoishia.

Mkiangalia vizuri, hivyo ndivyo kwaya inavyofanya. Besi inanyamaza, soprano inaingia. Fransisko hakuwachukulia wanyama kama muziki wa kupumzisha kichwa, ule tunaoupakua kwenye simu ili tulale. Aliwahesabu kuwa wanasali zamu yao.

Ninayempenda zaidi ni nyenze, yule mdudu anayelia mitini wakati wa joto mpaka unatamani kumfuata. Mmoja alikaa kwenye mtini karibu na chumba cha Fransisko pale Porziuncola. Akamnyooshea mkono, mdudu akatua juu yake, Fransisko akamwambia aimbe, akaimba, na mtakatifu akaimba naye. Siku nane iliendelea hivyo. Akitoka chumbani anamkuta pale pale. Siku ya nane akamruhusu aende zake, akihofu kwamba ndugu wataanza kujivuna kwa kitu cha ajabu namna hiyo. Nyenze akaondoka, hakurudi tena mahali pale. Mimi ningemchukua video.

Pale pale Porziuncola alipewa kondoo. Alimwonya akae kwa adabu na asiwasumbue ndugu. Yule kondoo akisikia ndugu wanaimba kanisani alikuwa akiingia mwenyewe, anapiga magoti mbele ya altare ya Bikira Maria na kulia taratibu, be, kama anayetoa salamu.

Sasa Greccio. Ilikuwa Noeli ya mwaka 1223. Miaka minne nyuma alikuwa Misri, amevuka mstari wa vita kwenda kuongea na Sultani al-Malik al-Kamil, na sasa amerudi akiwa na macho mabovu na shirika kubwa linalogombana juu ya ufukara. Amechoka. Akamwomba rafiki yake aitwaye Giovanni amwandalie msituni hori lenye nyasi, ng'ombe na punda. Watu wakaja na mienge. Misa ikaadhimishwa juu ya hori, yeye akiwa shemasi, akaimba Injili. Alipohubiri na kulitaja jina la Bethlehemu, anasema Tomaso, alilitamka kama kondoo anayelia, akilivuta lile neno mdomoni kama anaonja kitu kitamu.

Nilikuwa nimesoma habari hii mara nyingi nikidhani ng'ombe na punda waliwekwa pale kama mapambo, kama wale wa plastiki tunaopanga kanisani tarehe 24. Bomani Oloipiri nikaelewa kingine. Fransisko alitaka watu wasikie usiku ule ulikuwaje. Mtoto wa Mungu alilala siku zake za kwanza penye wanyama kama hawa, wanacheua, wanashusha pumzi, hakuna hatari, lala. Maria, binti wa kijijini, bila shaka alijua maana ya sauti ile kama koko anavyoijua. Injili ya Luka haituambii lolote kuhusu ng'ombe, inataja hori tu. Lakini hori ni la nani?

Mwaka uliofuata alipanda mlima La Verna kufunga. Kozi mmoja alikuwa na kiota karibu na kibanda chake, na kila usiku, saa ya sala ikifika, alilia na kupiga mabawa mpaka Fransisko aamke. Fransisko alipozidiwa na ugonjwa, yule ndege alimwacha alale, akaja kumwamsha alfajiri kwa sauti ya chini. Huko mlimani, Septemba 1224, ndipo alipopokea madonda matakatifu, na aliposhuka hakuwa tena na mwili wa kumtegemea.

Hapa inabidi niende polepole. Mwaka 1225 alilazwa katika kibanda pale San Damiano. Zaidi ya siku hamsini hakuweza kuvumilia mwanga, hata wa moto. Macho yalimwuma usiku na mchana. Na panya! Walikuwa wengi ndani ya kibanda, wanakimbia juu yake, hawamwachi alale wala asali, wakati wa chakula wanapanda hadi mezani. Yule yule wa nyenze na kondoo hakupata usingizi kwa sababu ya wanyama. Nawaomba vijana wenzangu mlishike hili, kwa sababu vitabu vingi vya watoto hulirukia. Usiku mmoja alijihurumia, akamlilia Mungu. Akapewa moyoni hakika ya ufalme. Asubuhi akaketi akatunga wimbo wake wa viumbe, kwa lugha ya nyumbani kwao badala ya Kilatini: jua, mwezi na nyota, upepo, maji, moto, dunia mama yetu. Ni mtu asiyeona aliyeusifu mwanga wa jua. Mnyama hata mmoja hakumtaja mle ndani, jambo lililonishangaza nilipoupitia mstari kwa mstari. Baada ya usiku wa panya, nadhani tunaweza kumsamehe.

Kisha madaktari walimchoma kwa chuma cha moto toka karibu na sikio hadi kwenye nyusi, wakitumaini kuponya macho. Haikusaidia.

Mwaka 1226 alikuwa anakufa, na kila mtu Assisi alijua. Siku hizo alifanya kitu kilichowakera baadhi ya watu: aliomba aimbiwe. Aliwaita ndugu Angelo na Leo wamwimbie ule wimbo, mchana na usiku, hata watu nje ya nyumba wakasikia. Ndugu Elia alikuwa na wasiwasi. Watu watasemaje, mtakatifu yuko kufani na chumbani kwake kunaimbwa? Si angekuwa anaiwaza toba? Fransisko akakataa kunyamaza, akaongeza na ubeti wa dada yetu Kifo. Angelo na Leo waliimba huku wanalia.

Mama yangu alikuwa wodini, kitanda cha tatu toka mlangoni. Jioni moja aliniomba nimwimbie wimbo wa Bikira Maria aliokuwa anapenda kuuanzisha kwenye jumuiya. Sauti ya chini tu, alisema hivyo. Wodi ilikuwa imejaa ndugu wa wagonjwa wengine, mmoja anakula, mmoja anaongea na simu, na mimi nikaona aibu. Nikamwambia tutaimba kesho wakiondoka watu. Kesho yake asubuhi nilipofika kitanda kilikuwa kimeshatandikwa. Mnaelewa sasa kwa nini kimya kilikuwa kinanitafuta kila usiku.

Sijawahi kumwambia mtu. Nimeandika hapa kwa sababu nadhani yupo msomaji mwenye jambo lake la namna hii.

Fransisko alilazwa Porziuncola, chini, juu ya ardhi tupu, kwa ombi lake mwenyewe. Ilikuwa jioni ya Jumamosi, tarehe 3 Oktoba 1226, na mwaka 2026 inatimia miaka 800. Kuna ndege mdogo wa rangi ya udongo, kipozamataza kwa Kiswahili, ambaye Fransisko alimpenda kuliko wengine: ana kishungi kama kofia ya mtawa, anakula chakula cha njiani, anaimba akipaa. Aliwahi kusema kwamba angeonana na mfalme mkuu angemwomba aweke sheria, kila Noeli watu wamwage nafaka barabarani kwa ajili yao. Ndege hawa hupenda mwanga, giza likianza wanatua na kunyamaza. Jioni ile walikuja wengi juu ya paa, giza limeshaingia, wakazunguka wakiimba kwa muda mrefu. Ndugu waliomhudumia ndio waliolihifadhi jambo hili, na Bonaventura akaliandika. Wanyama wengine walimpa zamu alipowaomba. Hawa walikuja bila kuombwa. Chini ya miaka miwili baadaye, tarehe 16 Julai 1228, Papa Gregory IX alimtangaza mtakatifu, na mwaka 1979 Papa Yohane Paulo II akamfanya msimamizi wa wanaohifadhi mazingira.

Vipozamataza wapo hata Oloipiri. Mmoja alikuwa anakaa juu ya kichuguu nje ya boma, jua likichomoza anapiga mluzi wake mfupi, ananyamaza, anapiga tena. Asubuhi yangu ya nne nilitoka kumsikiliza. Koko alikuwa anakamua. Aliegemeza kichwa kwenye ubavu wa ng'ombe, anamwimbia kwa ndani, bila maneno, ili aachie maziwa. Akaniashiria nimshike ndama aliyekuwa anavuta kamba. Yule ndama alikuwa anatetemeka na kulia, anamtaka mama yake, nami sikujua namna ya kumtuliza. Nikampapasa shingoni. Halafu nikaanza kuimba ule wimbo wa mama, sauti ya chini tu, beti zote tatu, na nilipofika wa pili sikuona vizuri tena. Koko hakugeuka. Maziwa yaliendelea kulia ndani ya kibuyu, na ng'ombe wakubwa walikuwa wanaanza kutoka langoni, kengele moja moja.